Ilimba ya babu haijakosea: sintesaiza ndogo ya bure, na namna ya kuifanya iimbe naye

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisani, na nyumbani natengeneza biti kwa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwenye laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Nimeambiwa nipakue sintesaiza ya bure, yaani programu ya kuzalisha sauti za muziki. Nimejaribu mbili tatu, lakini nikizifungua naona nobu mia na kitu, nabaki kupekua priseti tu, zile sauti zilizotengenezwa tayari. Naomba unitajie moja nyepesi ambayo mtu anaweza kuielewa. La pili: babu yangu yuko Mvumi, anapiga ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma juu ya sanduku inayopigwa kwa dole gumba. Nilimrekodi, nikaweka sauti ya sintesaiza chini yake, ikasikika imepinda. Nikishusha tyuni, nota moja inakaa na nyingine inakataa. Jamaa mmoja wa studio kaniambia ilimba ya mzee haijatyuniwa, niipitishe kwenye Auto-Tune, programu inayovuta kila nota ikae sawa na kinanda. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mfikishie babu salamu zangu, mwambie mbukwenyi.

Nianze na la mwisho, maana ndilo lililonigusa. Ilimba ya babu yako imetyuniwa. Sisemi hivyo ili kumpamba mzee. Jambo hili lina hesabu yake, na hesabu hiyo utaisikia kwa masikio yako mwenyewe ukishaipata hiyo sintesaiza unayoulizia. Auto-Tune usiiguse kabisa kwenye kazi hii. Ukiipitisha ilimba humo utapata ilimba isiyo ya babu wala ya mtu mwingine yeyote.

Niliwahi kuharibu kwa njia hiyo hiyo. Miaka mingi iliyopita niliketi na mzee mmoja kutoka upande wa Chamwino, akapiga wimbo mzima bila kusita, akatoka kwenda kunywa chai. Nikabaki na kompyuta. Niliona baadhi ya nota zake zimekaa chini ya mistari ya nota kwenye skrini, nikazivuta moja baada ya nyingine mpaka zote zikanyooka. Aliporudi nikamvisha hedifoni. Alisikiliza kama nusu dakika, akazivua, akachukua ilimba yake na kugusa chuma kimoja kwa dole gumba, kile kile, mara tatu nne, karibu na sikio langu. Akaniuliza: hiki umekipeleka wapi? Nilikosa la kumjibu. Nilifuta kazi yangu yote ya jioni ile, na tangu hapo nikaanza kujifunza kutyuni kompyuta iifuate ilimba.

Sasa sintesaiza. Kwa laptopu yako na kwa namna ulivyouliza, chukua Podolski. Inatolewa bure na u-he, kampuni ya Berlin, Ujerumani, ambayo sintesaiza zake kubwa ni za kulipia. Podolski wameifanya ndogo makusudi: osileta moja (inayozaa sauti), kichujio kimoja (kinachoichuja), envelopu kuu moja (inayoipandisha na kuishusha), kisha arpejieta (inayopiga nota za kodi moja moja) na efekti chache. Haikudai namba ya leseni wala haizimiki baada ya siku thelathini. Inafanya kazi ndani ya FL Studio na programu nyingine za namna hiyo kwenye Windows na Mac, na prosesa haitoi jasho kwa ajili yake. Muhimu zaidi kwako ni kwamba karibu kila kitu kiko mbele ya macho kwenye ukurasa mmoja. Ukigusa nobu, unasikia ilichobadilisha, na hakuna tabaka la pili lililojificha nyuma linalopingana nawe.

Watu watakutajia Vital, na kweli ni nzuri mno, lakini michoro yake inayocheza kwenye skrini ni mzigo kwa laptopu isiyo na kadi ya picha. Synth1 ya Mjapani Ichiro Toda nayo ni nyepesi na imewasaidia wengi, ila sura yake ni ya zamani na maandishi yake ni madogo, macho yatakuuma. Zebralette, ndugu wa Podolski, ni osileta moja iliyochomolewa kwenye Zebra2 ya kulipia ikagawiwa bure. Ina utajiri wa ajabu ndani ya hiyo osileta moja, lakini iache kwa mwaka ujao.

Pakua kwenye tovuti ya wenyewe. Usichukue kwenye flashi ya mtu. Niliwahi kupokea flashi yenye “sintesaiza zote za dunia”, na kesho yake mafolda yote ya kwaya niliyokuwa nikiirekodi yalikuwa yamegeuka shotikati. Kazi ya miezi miwili ilikwenda. Huna haja ya kujihatarisha hivyo kwa kitu kinachotolewa bure mlangoni kwa mwenye nacho. Na kama hiyo FL Studio yako nayo ilikuja kwa flashi, chukua ile ya kujaribia kwa watengenezaji wenyewe: inakupa kila kitu isipokuwa huwezi kufungua tena mradi uliouhifadhi, kwa hiyo kwa mazoezi inatosha. Ukitaka ya bure inayofungua miradi, iko Waveform Free ya Tracktion.

Kabla hujapiga nota, mambo mawili ya kawaida. La kwanza, kinanda cha kwaya. Kama ni Yamaha za PSR hizi zinazoonekana makanisani, tazama nyuma: nyingi zina tundu la USB la mraba. Waya wake ni ule ule wa printa. Chomeka kwenye laptopu na kinanda kinageuka kuwa cha kupigia sintesaiza, bila kununua chochote kipya. Omba ruhusa kwa mwalimu wa kwaya, siku za kati ya wiki kinanda kile kinalala tu.

La pili, kuchelewa kwa sauti. Ukibonyeza na sauti ikaja baadaye, tatizo si sintesaiza, ni bafa, yaani idadi ya vipande vidogo vya sauti (sampuli) ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvitoa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya FL, chagua kiendeshi cha sauti kiitwacho FL Studio ASIO, au weka ASIO4ALL ambayo nayo ni ya bure, kisha shusha bafa hadi 256. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, 256 ni chini kidogo ya milisekunde 6. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na mtu anayepiga ngoma mita mbili kutoka ulipo. Bafa ya 1024 ni milisekunde 23, mpiga ngoma kasogea mita nane, na vidole vinaanza kubabaika. Laptopu ikikwaruza kwa 256, panda 512 na uendelee na maisha. Na kwa vumbi letu hili, fungua laptopu upulize feni yake walau mara mbili kwa mwaka. Nimeona mashine nyingi zikilaumiwa kwa uzee kumbe zimeziba pumzi.

Sasa fungua Podolski na usiguse priseti hata moja. Bonyeza kwa kitufe cha kulia juu ya jina la priseti, tafuta amri ya kuanza upya, yaani ile inayorudisha sauti tupu. Hapo ndipo utajifunza. Ukianzia kwenye priseti iliyokamilika ni kama kujifunza kupika kwa kuonja pilau ya harusi: utajua ni tamu tu, viungo hutavijua.

Sauti tupu ni wimbi linalotoka kwenye osileta. Chagua wimbi la msumeno, linaloitwa hivyo kwa sababu mchoro wake una meno. Lina ukali kama wa tarumbeta, na ukali huo una sababu. Nota moja ya msumeno si sauti moja. Ni msafara. Mbele iko sauti ya msingi, nyuma yake sauti yenye kasi mara mbili, kisha mara tatu, mara nne, mara tano, na kuendelea, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia: ya pili nusu ya nguvu, ya tatu theluthi, ya nne robo. Hizi ndizo harmoniki. Wimbi la mraba lina harmoniki za namba witiri tu, yaani 1, 3, 5, 7, ndiyo maana linasikika kama filimbi yenye shimo ndani. Shika neno hili harmoniki, tutalirudia kwa ajili ya babu.

Kichujio kinafanya kama chekecheo la unga. Nobu ya “Cutoff” inaamua matundu yawe makubwa kiasi gani: ukiishusha, harmoniki za juu zinabaki juu ya chekecheo na sauti inakuwa nzito, imejifunika, ukiipandisha, zote zinapita. Nobu ya “Resonance” inakoleza zile zilizo pale pale mpakani. Envelopu inasimulia maisha ya nota tangu unapobonyeza: A ni muda wa kupanda, D ni muda wa kushuka, S ni kimo inachobaki ukiwa bado umeshikilia, R ni muda wa kufifia ukishaachia. Piga ngoma, A ni sifuri na S ni sifuri. Vuta upinde wa zeze, A ina urefu kidogo na S iko juu. Hizo herufi nne zina nguvu kuliko priseti elfu mbili.

Jaribu hivi leo usiku. Msumeno, Cutoff chini kama robo, Resonance karibu sifuri, A sifuri, D fupi, S nusu, R fupi. Piga oktava ya chini. Hiyo ni besi, na ni besi inayofaa kabisa kwenye biti. Bila kubadilisha wimbi, vuta A hadi karibu sekunde moja, S juu kabisa, R sekunde mbili, kisha panda oktava mbili. Umepata zulia la sauti la kutandika chini ya kwaya. Kitu kile kile, nobu tatu tu zimesogea. Kaa na sauti hizo mbili wiki nzima. Wanafunzi wangu waliofika mbali ni wale waliokaa na mbili, na waliopakua hamsini wengi wao bado wanapekua.

Turudi Mvumi.

Zima kila kitu kingine, vaa hedifoni. Wimbi la msumeno, kichujio cha kupitisha sauti za chini, Resonance panda karibu na mwisho lakini isifike mahali inapopiga mluzi yenyewe. Punguza sauti kwanza, Resonance inauma masikio. Bonyeza C ya chini, ile iliyo oktava mbili chini ya C ya katikati, na uendelee kuishikilia. Sasa pandisha Cutoff polepole mno, kama mtu anayefungua koki ya maji usiku asiamshe watoto. Utasikia sauti nyembamba zikijitokeza moja moja kutoka ndani ya ile nota moja, zikipanda kama ngazi. Ukifika ile ya nne, sikiliza zinazofuata: nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi.

Umezisikia wapi? Ni skeli ya babu.

Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyefanya kazi Tanzania, aliandika kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo unafuata harmoniki za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Huhitaji kumwamini yeye wala mimi. Umebonyeza ufunguo mmoja wa kinanda na ilimba nzima imetoka humo. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa kijiji cha Doza hapa hapa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na skeli hii. Waliomsikiliza Ulaya hawakumwambia ilimba yake haijatyuniwa. Inaniuma kwamba maneno hayo kijana anaambiwa Dodoma.

Sasa kwa nini kinanda hakikubali. C ya chini uliyoishikilia ina mitetemo 65.4 kwa sekunde. Zidisha kwa saba: karibu 457.8. Hiyo ndiyo nota ya saba ya ngazi. Kwenye kinanda nota iliyo karibu nayo ni B bemoli, ule ufunguo mweusi kabla ya B, nayo ina mitetemo 466.2. Zikilia pamoja, tofauti ya karibu 8.3 inageuka kuwa mtetemeko, mawimbi yanagongana zaidi ya mara nane kila sekunde. Huko “kupinda” ulikokusikia ndiko huko. Wanamuziki hugawa nusu toni moja, yaani hatua kutoka ufunguo mmoja hadi wa jirani, katika senti 100. Kwa kipimo hicho nota ya saba iko senti 31 chini ya kinanda, karibu theluthi ya nusu toni. Nota ya tano iko senti 14 chini ya E ya kinanda. Ya sita, yaani G, inazidi kwa senti 2 tu, na ya tisa, yaani D, kwa senti 4. Ndiyo maana uliposhusha tyuni nota moja ilikaa na nyingine ikakataa: huwezi kushusha zote kwa kiasi kimoja wakati kila moja ina umbali wake.

Kinanda nacho hakina kosa. Kimegawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa ili wimbo uweze kuhamia ufunguo wowote, na kwa faida hiyo kimekubali kuzipotosha kidogo karibu nota zote. Babu hahamii funguo 12. Yeye amebaki na nota zilivyo.

Kwa kazi hii ongeza sintesaiza ya pili, Surge XT. Ni ya bure kabisa, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote. Zamani ilikuwa ya kuuzwa, mtengenezaji wake Claes Johanson akaifungua mwaka 2018 na sasa inatunzwa na watu wanaojitolea. Ni kubwa kuliko Podolski, ina nobu nyingi, na faili lake ni zito kwa bando, hivyo tafuta Wi-Fi. Nisingekupa ianze kukufundisha. Lakini inasoma mafaili ya tyuni, na inaweza kufunguka peke yake bila FL. Ukishaielewa Podolski utazitambua sehemu zile zile humu: osileta, kichujio, envelopu. Zilizobaki zisikutishe, zipite kama nyumba za watu usiowajua.

Fungua Notepad uandike hivi, kila kitu kwenye mstari wake:

! ilimba.scl
!
Skeli ya ilimba ya babu
12
!
100.0
9/8
300.0
5/4
500.0
600.0
3/2
800.0
900.0
7/4
1100.0
2/1

Hifadhi kwa jina ilimba.scl, na uangalie Notepad isikuongezee .txt mwishoni. Mistari yenye alama ya mshangao ni maelezo tu, mashine huiruka. Namba yenye nukta ni senti, namba yenye mkwaju (/) ni uwiano. Kwa hiyo umeiambia Surge: acha funguo nyeusi na nyeupe nisizozihitaji zibaki kama zilivyo, lakini D iwe 9/8 ya C, E iwe 5/4, G iwe 3/2, na B bemoli iwe 7/4. Ndani ya Surge ingia kwenye menyu, tafuta “Tuning”, pakia faili la .scl. Chagua sauti tupu ya msumeno inayoitwa “Init Saw”, shikilia C, E, G na B bemoli pamoja. Kwenye kinanda cha kawaida zile nne zinavutana. Hapa zitatulia ghafla, zitasimama kama nguzo moja, na unaweza hata kusikia nota ya chini ambayo hukuibonyeza. Mara ya kwanza kuisikia nilikaa na mkono juu ya kinanda muda mrefu.

Limebaki moja, na hili ndilo linalowaangusha wengi: C ya kompyuta si msingi wa babu. Yeye ametyuni kwa sauti yake na kwa mbao yake. Weka kwenye simu tyuna inayoonyesha hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, mwombe agonge chuma kimoja kimoja, kila kimoja mara tano, na uandike namba zote kwenye daftari, pamoja na zile zinazokushangaza. Kisha zipange kutoka ndogo kwenda kubwa na utazame tofauti kati ya moja na inayofuata. Tuseme umepata 248, 310, 372, 434, 496, 558. Kila hatua ni 62. Tofauti ikirudi ile ile namna hiyo, umeshika msafara wa harmoniki: 62 ndiyo mzizi, na 248 ni ya nne. Uhalisi hautanyooka hivyo, chuma ni chuma na tyuna ya simu nayo hutetereka kwa sauti fupi. Hezi moja mbili huku na huku usizijali.

Ukishapata ya nne, andika faili la pili, ilimba.kbm, lenye namba saba, kila moja mstari wake:

0
0
127
60
60
248.0
0

Hapo 60 ni namba ambayo kompyuta huipa C ya katikati (namba ya MIDI), na 248.0 ni hezi unazotaka ilie. Weka za babu badala ya zangu. Ya nne ya babu ikiwa chini sana, mathalani 124, zidisha mara mbili kwanza ili iangukie karibu na katikati ya kinanda. Lipakie kwenye menyu ile ile ya “Tuning”. Sasa kinanda cha kwaya kinaimba kwa msingi wa babu.

Lakini sikiliza vizuri. Kama chuma cha babu chenye nota ya saba hakiangukii 7/4, kama yeye anakiweka juu kidogo au chini kidogo na anakiweka hivyo kila siku, basi faili langu ndilo libadilike. Futa 7/4 uandike senti zake, zenye nukta. Uwiano ni mwongozo mzuri, mwenye ilimba ndiye mwenye neno la mwisho. Zipo ilimba na ilimba, na mzee wa kijiji cha pili anaweza kuwa na yake tofauti.

Kuhusu sauti gani uweke chini yake: usitengeneze sauti ya ilimba kwenye sintesaiza. Inawezekana, A sifuri, S sifuri, D nusu sekunde, wimbi laini, na itafanana fanana. Ya nini, ilhali unayo yenyewe? Ilimba ina vyuma vya pembeni ambavyo havipigwi, vinaitika vyenyewe jirani yake akiguswa. Ina utando wa buibui ulioziba tundu la sanduku, unaotoa ule mvumo wa nyuki. Hakuna nobu ya hayo. Sintesaiza iachie kile ambacho ilimba haiwezi, nacho ni kushikilia nota bila kufifia. Chukua lile zulia la A ya sekunde moja, shusha Cutoff mpaka ukali wote uondoke, panga nota mbili tu: msingi na ya sita, C na G. Zikae chini kabisa, zibadilike mara chache. Ukitaka sauti ya pili inayotembea, fuata wanavyofanya waimbaji: tembea kwenye ngazi ile ile ukiruka nota moja. Ya nne kwa ya sita, ya tano kwa ya saba, ya sita kwa ya nane. Ya tano na ya saba zikilia pamoja kwenye kinanda cha kawaida zinakwaruza. Kwenye tyuni hii zina utamu wa Kigogo ambao utautambua mara moja.

Koras na efekti zinazotikisa tyuni zizime. Umehangaika kupata senti 31, usizimwage kwa nobu moja ya pambo.

Na urekodi upya, mwanangu. Programu za simu za kurekodi mara nyingi hujaribu kuondoa kelele, na mvumo wa utando wa buibui zinauhesabu kuwa kelele. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima usafishaji huo na kuhifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, ndani ya chumba chenye godoro na nguo, mlango umefungwa, kuku wako mbali. Simu ikae upande wa utando, umbali wa shubiri moja na nusu, isilengwe kwenye vidole.

Ukirudi na kazi, chukua hedifoni na kinanda nenda navyo Mvumi. Mpe babu toleo mbili za nusu dakika, moja kwa tyuni ya kawaida na moja kwa faili lake, bila kumwambia ipi ni ipi. Mtazame mikono. Ikianza kutafuta ilimba yenyewe ili aingie, andika jina la toleo hilo juu ya faili na uendelee kutoka hapo.